Kuku Wana Majina, Nyama Tununue Buchani

Wenzangu wenye familia mtanielewa. Bei za vyakula zilipopanda, mke wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Waziri wa Kilimo, alitangaza mezani kwamba nyumba hii sasa itajilisha yenyewe. Mjadala haukuwepo. Uwanja wetu hapa Kimara ni mdogo na wenye mteremko, lakini banda likasimama pembeni ya tangi la maji, na kuku wa kienyeji wakashuka kwenye basi la Singida.

Kitinda mimba wetu, Karani, akawaandika kuku wote majina kwenye daftari la hesabu. Kuku mwenye jina hachinjwi. Sheria hiyo ilipita kwa machozi, na mama yake akaiunga mkono. Jogoo aliitwa Mjomba, kwa kelele zake za alfajiri. Shemeji yangu aliposikia alinuna, hadi alipofungashiwa trei ya mayai.

Kisha akaja mama mkwe, Bibi Kieleweke, na zawadi ya mbuzi jike. Mchicha wetu wa kwenye viroba, ambao huvunwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandwa, mbuzi aliufyeka kabla chai haijachemka. Nililalamika, nikaambiwa samadi yake itaotesha mwingine. Na kweli, uliota, tena wenye majani mapana.

Vita yenyewe ilikuwa ya chanjo. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, hakina dawa. Kikiingia bandani chaweza kumaliza karibu kuku wote. Bibi alitaka wanyweshwe maji ya shubiri na pilipili. Waziri akashika kauli ya mtaalamu wa mifugo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Walipokubaliana, kazi ikaangukia kwangu, kama kawaida. Kuku hukamatwa usiku, maana gizani hutulia, hivyo nikainama bandani huku Karani akimulika tochi na kuita majina. Mjomba hakutulia. Aliponyoka, akaparamia bati la jirani, mtaa mzima ukaamka.

Jirani alitoka na fimbo akidhani ni kicheche. Kwa kuwa kichupa kimoja cha chanjo kinatosha kuku wengi kuliko wetu, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu, tukawachanja na wa kwake usiku uleule. Bibi ndiye aliyekuwa akiwashika, na alishika vizuri kuliko sisi wote.

Nyama bado nanunua buchani. Lakini mayai yanatoka bandani, mboga ziko mlangoni, na mbolea sitoi hata senti. Ndugu yangu, kama unafuga, chanja kuku wako wakingali wazima, na siku hiyohiyo mgongee jirani mlango. Kideri cha kwake hakisimami kwenye uzio wako.