Jinsi ya Kubishana Kuhusu Barry Allen na Usimalize

Usianze na makosa makubwa. The Flash, tamthilia ya kituo cha CW cha Marekani, ilirushwa kuanzia 2014 hadi 2023, misimu 9, na Barry Allen, mchunguzi wa maabara ya polisi anayekimbia kuliko sauti, hakuacha msimu upite bila kuwapa watu la kusema. Akiba ipo ya kutosha. Anza na Iris.

Msimu wa kwanza Barry anamficha Iris West kwamba yeye ndiye Flash, eti anamlinda. Taja wanaojua, mmoja mmoja, ukikunja vidole: Joe, baba yake Iris. Cisco na Caitlin, wasaidizi wa Barry. Eddie, mpenzi wake Iris. Hata Leonard Snart, jambazi mwenye bunduki ya kugandisha, anajua. Asiyejua ni Iris peke yake, mwandishi wa habari ambaye habari anazoziandika ni za Flash! Sehemu ya 15 alijua, Barry akarudi nyuma ya wakati, ikafutika. Sehemu ya 20 akagundua mwenyewe, kwa cheche ya umeme alipomgusa.

Mpinzani wako atasema Joe ndiye aliyemwapisha Barry asiseme. Ni kweli, na ndiyo maana usikubali. Mgeukie Joe naye umseme. Mtu akijitetea kwa hoja nzuri, badilisha mshtakiwa.

Jela iguse kwa haraka. Chini ya maabara za S.T.A.R. Barry na wenzake wanawafungia watu wenye nguvu zisizo za kawaida bila shtaka wala wakili, na wawili kati ya wafungaji wanalipwa mshahara na polisi. Uliza choo kiko wapi, kisha nyamaza. Wakimaliza kurushiana maneno, wakumbushe siku wafungwa walipohamishwa: Barry alimwomba Snart asaidie ulinzi. Fisi kapewa bucha. Snart akawafungulia, na kwa kweli mimi simlaumu. Aliyeombwa hakuficha kazi yake.

Sasa ndiyo uingie Flashpoint, kisa cha Barry kubadili yaliyopita, na uhakikishe hakuna mwenye safari ya asubuhi. Mwisho wa msimu wa pili, mwaka 2016, baada ya Zoom, adui wa msimu huo, kumuua baba yake, Barry anarudi hadi usiku aliouawa mama yake na kumwokoa. Msimu wa kwanza alifika usiku uleule, akajikuta yeye mwenyewe, wa miaka ya mbele, akimpungia mkono aache, akaacha. Kwa hiyo alikwishaonywa, tena na mtu anayemjua vizuri. Dunia mpya ikamshinda, akamwendea muuaji, Eobard Thawne, akamtaka amuue mama tena. Aliporudi, kaka yake Cisco alikuwa amekufa, Joe na Iris hawasemezani, na katika Arrow, tamthilia ya jirani, binti yake mhusika Diggle amekuwa mtoto wa kiume.

Hapa baraza hugawanyika. Wako watakaosema yatima hapimwi kwa akili ya kawaida, na wako watakaouliza Diggle alikosa nini. Wachochee wote. Akitokea wa kutetea kwamba ndivyo ilivyo kwenye vitabu vya katuni, Flashpoint ya Geoff Johns na Andy Kubert ya 2011, mwambie Barry alianza kuchapishwa 1956 bila mama wa kuuawa. Mauaji yale Johns aliyaingiza 2009. Atanyamaza kidogo. Usizoee.

Hoja moja tu ni haramu. Misimu minne ya mwanzo ilikuwa na sehemu 23 kila mmoja. Mtu anayeshinda sauti kwa mbio, akikutana na mwizi mwenye bunduki, angemnyang'anya kabla hajafumba jicho, na sehemu ingekwisha kabla ya tangazo la kwanza. Miguu haipunguziki kasi, ndiyo jina la tamthilia. Waandishi wakapunguza kichwa. Atakayelisema hili mbele ya watu atakuwa amesema kweli, na watu wataanza kutafuta viatu vyao. Mtume akanunue soda.

Akirudi, mwambie kwamba Savitar, adui wa msimu wa tatu anayetaka kumuua Iris, ni Barry mwenyewe kutoka siku zijazo. Atavuta kiti.