Resori za HiAce, Uvira hadi Baraka

Toyota HiAce ya abiria iliundwa kubeba watu 14 au 15, mizigo yao ya mkononi, juu ya barabara. Kwenye Barabara ya Taifa namba 5, katika kile kipande cha kilomita 90 hivi kati ya Uvira na Baraka, masharti hayo matatu huvunjwa kabla gari halijaona Makobola. Benchi la watatu huketi wanne, mtoto wa kupakatwa hahesabiwi, na paani hupanda magunia ya ndagala, bidoni za mawese, godoro na kuku waliokwisha kata tamaa. Matako ya gari yakianza kuburura, mwenye mali hukubali kwamba resori zinahitaji kuongezewa nguvu.

Ulaya kazi hii hufanyiwa sana magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, ili yasiyumbe kwenye kona. Kando ya Tanganyika hakuna sababu ya kununua gari la aina hiyo. Kusini mwa Uvira milima inashuka karibu hadi majini, na mvua ikipiga huko juu, kijito kimoja chatosha kufunga njia. Hapo HiAce yoyote huwa gari la kulala.

Resori ya nyuma ni vibamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti zilizopindwa. Dawa ya garaji ni kuongeza kibamba, mara nyingi kilichotolewa kwenye lori lililokufa. Tatizo ni unene. Ugumu wa kibamba hupanda kwa mchemraba wa unene wake: kikiwa kinene mara 2, ni kigumu mara 8. Hesabu hiyo fundi haioni, ila abiria wa benchi la mwisho huisoma kwa kichwa, kwenye dari. Gari lililoimarishwa namna hii hutulia likijaa na hurukaruka likiwa tupu. Kwa mara moja konvoyeri anayedai kwamba bado kuna nafasi ya wawili anasema jambo lenye msingi wa kisayansi.

Nyuma ikiinuka, mengine hufuata. Taa za mbele huanza kumulika udongo ulio karibu na bampa. Baya zaidi ni breki. HiAce nyingi zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mwembamba. Hukadiria uzito kwa kuangalia bodi imekaa chini kiasi gani, kisha hugawa nguvu ya breki. Bodi ikiinuliwa, valvu huamini gari ni tupu na kuzibania breki za nyuma. Watu ishirini wanasali kwenye mteremko, na kifaa kimoja tu ndani ya gari kina hakika kwamba hakuna mtu. Mkono huo hurekebishika, kama kuna atakayekumbuka kwamba upo.

Mbele hakuna vibamba. Kuna fimbo mbili ndefu za chuma zinazojisokota, na boliti ya kuzikaza. Fundi akiona pua imeinama, hukaza. Pua hupanda, mwenye gari hulipa, lakini fimbo haijapata nguvu hata kidogo. Kilichopungua ni nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo shimoni linabaki likining'inia, kisha hugonga kwa kishindo kinachokula viungo vya usukani.

Amotisere ndizo zilizostahili kuangaliwa kwanza. Resori hubeba, amotisere hutuliza, kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo ili mtikisiko uishie kuwa joto. Mafuta yakivuja, gurudumu hudundadunda juu ya mikunjo ya barabara, na lisilogusa ardhi halishiki kona wala breki. Kipimo cha kawaida ni kukandamiza pembe ya gari na kuiachia: ikiendelea kucheza, amotisere imekufa. Baada ya kuongezewa chuma cha lori, gari halikandamiziki hata na wanaume watatu, hivyo hupita mtihani kwa sifa.

Kibamba kikikatika, kukichomelea ni kupoteza umeme na pesa: moto huua ugumu wa chuma, nacho hukatika tena pembeni mwa weldi. Mhunzi hukitumia vizuri zaidi kwa panga.

Zimebaki zile boliti zilizopindwa. Baada ya safari ya kwanza vibamba vipya hukaa sawa, boliti hulegea kidogo na hutaka kukazwa upya. Dereva huahidi kufanya hivyo wiki ijayo. Pini inayoshikilia vibamba hivyo katikati ikikatika kwa sababu hiyo, ekseli husogea, na HiAce husafiri upandeupande kama kaa, pua ikielekea ziwani na magurudumu yakielekea Mboko, huku konvoyeri akiwaeleza abiria kwamba ni upepo.