Mama Asiyefungua Kinywa

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa ili samaki wazaliane. Mitumbwi ikavutwa mchangani Kibirizi, na mama mmoja muuza migebuka pale Mwandiga, inapoanzia barabara ya Manyovu, akakunja turubai lake. Nilimuuliza kama hana hasira. Akanijibu, "Waache, mwanangu. Aliye ndani ya yai naye ni samaki, ila hujamwona."

Hekaya hii ni ya miezi hiyo mitatu, huko chini ambako nyavu hazikufika.

Mzee Sangala aliugua. Mashavu yalimwoza, pumzi ikawa inakatika, wajukuu wakamzunguka wakilia. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli, msomaji, usiudharau. Mtu aliyewahi kukesha na mgonjwa anayetafuta hewa hawezi kuudharau. Baraza likaitwa, na Mganga Kaa akaja na magando yake.

"Dawa ipo," akasema. "Ni mayai, yapondwe yakiwa bado machanga. Na yako kwa yule pale."

Akamnyooshea gando samaki mdogo wa kwenye mawe, jamii ya wale wanaosafirishwa nje kama samaki wa mapambo. Jike wa samaki huyu akishataga huyaokota mayai yake machache kwa kinywa, akakaa nayo humo karibu mwezi mzima mpaka watoto waweze kuogelea. Taya humvimba kama mtu mwenye jino bovu.

"Mama, wasemaje?" baraza likamuuliza. "Unakubali?"

Mama akawatazama. Kusema ni kufungua kinywa, na kufungua kinywa ni kuwamwaga wanawe. Akanyamaza.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema Mgebuka, ambaye daima ana haraka. "Andikeni."

Mama Kuhe, aliyekuwa akilinda kiota chake pamoja na mumewe, akainuka. "Mganga, umemuuliza swali ambalo akilijibu tu, watoto wake wamekwisha. Hilo ni swali au ni mtego?"

Kaa akajibu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama Kuhe, sisemi tuue samaki. Kisicho na jicho wala mkia bado si samaki. Tuweke mpaka basi: siku kumi na nne. Kabla ya hapo ni vyangu, baada ya hapo ni watoto wake." Akachora mstari mchangani. Baraza zima likashusha pumzi, kwa kuwa mstari humpumzisha mtu asiendelee kufikiri.

Mstari huo sikuutunga mimi. Mwaka 1984, huko Uingereza, kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza kwamba kiinitete cha binadamu kiruhusiwe kuchunguzwa maabara, mradi kisivuke siku ya 14. Mwaka 1990 ikawa sheria. Jirani zetu Wakenya waliandika vingine: ibara ya 26 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa.

Mama Kuhe akausogelea ule mstari. "Jioni ya siku ya kumi na nne na asubuhi ya kumi na tano, ni nani ameingia kinywani mwa huyu mama usiku huo? Mimi nalala macho kiotani, sikuona mgeni akipita. Ni yule yule, amekua. Na ninyi mlioketi hapa, yupo aliyeziruka siku hizo kumi na nne?"

Hakuna aliyeinua pezi.

Juma halikuisha, Kaa akaufuta mstari kwa mguu wa nyuma. Kazi ni kubwa, akasema, siku hazitoshi. Kwa wanadamu nako ikawa hivyo hivyo: mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina iliondoa katika mwongozo wake katazo la kuvuka siku 14.

Hapo ndipo Konokono, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Mbona hamjajaribu gamba la mgonjwa mwenyewe?" Wakamcheka. Lakini njia isiyohitaji mayai ipo. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alichukua seli za kawaida za panya aliyekwisha kuzaliwa, akazirudisha katika hali ya seli changa bila kuvunja kiinitete, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hapa kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imewapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto unaotolewa na ndugu aliye hai, aliyeulizwa akaitikia.

Mzee Sangala hakupona siku hiyo. Aliinua kichwa kwa shida. "Nimekula samaki wengi," akasema, "lakini walikuwa na mapezi, na wengi walinishinda mbio. Hawa hawana pa kukimbilia. Kwangueni gamba langu, na mimi nitangoja."

Nawaomba wanandoa wanaotafuta mtoto kwa njia ya maabara, nami najua kiu yao si mchezo: kabla ya kutia saini, mwulizeni daktari vitatungishwa viinitete vingapi, na vitakavyobaki vitapelekwa wapi, visije vikaishia kwa akina Kaa. Nawaomba na madaktari wetu wasingoje kuulizwa. Taifa lililoweza kulifunga ziwa miezi mitatu kwa ajili ya yai la dagaa haliwezi kushindwa kukaa kitako kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Siku ya ishirini na nane yule mama alifika mbele ya baraza, akafungua kinywa. Walitoka tisa, kila mmoja na macho yake, wakatawanyika kwenye mawe. Sasa aliweza kusema.

"Mliniuliza kama nakubali," akasema. "Jibu langu ni hapana."