Tazama Kushoto, Mjomba

Hapa Nyamirambo, Kigali, tunamjua mgeni wa Dar es Salaam kabla hajafungua kinywa. Akitaka kuvuka barabara hutazama kulia, akiona kweupe hutia mguu lamini. Kumbe kinachomjia kinatokea kushoto.

Mjomba wetu wa Dar alivuka mpaka wa Rusumo amelala fofofo ndani ya basi. Hapo ndipo magari hubadili upande, maana Tanzania huendesha kushoto, Rwanda kulia. Basi lilihama, mjomba hakuhama. Kesho yake alifungua mlango wa teksi, akajiweka mbele ya usukani. Dereva akainama dirishani: "Mzee, leo unanipeleka wapi?"

Tukamwonya awe mwangalifu. Akatucheka. "Bodaboda ya Kariakoo naisikia ikiwa mtaa wa pili!" Bahati mbaya, Kigali kuna pikipiki za umeme, na hizo haziungurumi. Motari mmoja, yaani bodaboda wa huku, alifunga breki hatua moja tu kutoka kwenye kanzu yake. Kofia ya mjomba ikaruka, abiria akaidaka.

"Unapita upande usio wako!" mjomba akafoka.

"Pole mzee," motari akajibu, "wangu ndio huu."

Wauza mishikaki walicheka mpaka moshi ukawapalia.

Jioni tukampoza kwa historia. Tanganyika na Rwanda zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipomng'oa, Mwingereza akachukua Tanganyika na desturi yake ya kushoto. Rwanda ikaangukia kwa Mbelgiji, mtu wa kulia. Mjomba akaweka kikombe chini. "Yaani Wazungu wagawane nchi, halafu nigongwe mimi, Nyamirambo?"

Tangu hapo makao yake yakawa ile barabara ya Biryogo iliyofungiwa magari, iliyopakwa rangi na kupangwa meza za chai. Hata huko, mhudumu alipotokea kushoto na sinia, mjomba alisimama kumpisha.

Msomaji, ukija Nyamirambo, karibu sana. Kiswahili chako kitakufikisha popote mtaani, na tangu 2017 kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Shingo ndiyo ya kufundisha upya: kushoto kwanza, kulia, kisha kushoto tena. Na masikio usiyategemee.