Aongeze Bidii

Siku ya kugawa buletini za shule mjini Baraka, Fizi, nchini Kongo (DRC), mama anauliza: "Mwalimu, kijana wangu amekosa wapi?"

"Mama, aongeze bidii."

Hesabu 8 juu ya 20: bidii. Kifaransa 9: bidii vilevile. Kwamba mtoto akijumlisha sehemu hujumlisha hadi namba za chini, hilo halina nafasi kwenye karatasi. Nafasi ipo ya kuandika amekuwa wa ngapi. Haya, tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, madarasa ya Fizi yamefurika, madaftari ni rundo. Ila muda wa kuchora duara jekundu kwenye alama mbaya haukosekani.

Baba, ambaye hajafungua daftari tangu Septemba, naye ana lake: "Mbona wa jirani amekuwa wa tatu?"