Heri Gari Ligome Hedaru

Washairi wa pwani waliusifu mnazi tangu zamani, kuanzia mizizi mpaka makuti, na hakuna aliyewauliza wamekosa nini cha kuimba. Ng'ombe kasifiwa, jembe limesifiwa, hata chai ya rangi ina watu wa kuitetea. Lakini kila Desemba, katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi, yuko mtumishi wa familia zetu anayefanya kazi usiku na mchana bila kuambiwa ahsante. Anatukanwa kwa Kiswahili, anatukanwa kwa Kichaga, na mara nyingine kwa maneno ambayo watoto wa kiti cha nyuma hawakutakiwa kuyasikia kabla ya kipaimara. Mtumishi huyo ni kuharibika kwa gari njiani. Naomba leo apewe haki yake.

Kwetu mtu akisifiwa huanziwa ukoo wake, na ukoo wa huyu si wa kuokota. Mwezi wa Agosti 1888, mjini Mannheim, Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz alidamka, akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka na gari la magurudumu matatu alilolibuni mumewe, Carl. Mume hakuagwa. Mama alikuwa anakwenda kwao Pforzheim kumwona mama yake mzazi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, wakati magari ya siku zile yalikuwa bado yakizungushwa karibu na karakana yakitazamwa na majirani. Maana yake ni kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana duniani ilikuwa ya kwenda nyumbani kusalimia. Na gari likafanya yake siku ileile.

Bomba la mafuta liliziba. Bertha akachomoa pini ya kofia yake akalizibua. Waya wa umeme ukabaki uchi. Akauvisha mpira wa kushikia soksi. Mafuta yakaisha, na kwa kuwa kituo cha mafuta kilikuwa hakijazaliwa popote, akaingia duka la dawa pale Wiesloch akanunua ligroini, dawa ya kutolea madoa kwenye nguo, akaimimina. Breki zikalika, akatafutwa fundi viatu, akazipigilia ngozi. Maji ya kupoza injini yalichotwa kila yalipopatikana. Kwenye vilima vijana walishuka wakasukuma. Jioni walifika kwa bibi, na Carl akapelekewa telegramu. Safari ile ilimfundisha mhandisi mambo ambayo karakana ilikuwa imemficha, likiwemo hili: gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima. Lingekwenda salama salimini angejulia wapi?

Zimepita zaidi ya karne na robo. Pale Hedaru vifaa ni vilevile, ila pini imekuwa waya wa kufungia, mpira wa soksi umekuwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na fundi viatu amepata bodaboda.

Watanisuta kwamba wenzetu Ulaya wameshaupatia dawa mkwamo wa njiani: mtu akistaafu ananunua gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, anazunguka nalo nchi hata nchi. Magari hayo hupita huku pia, wenyewe wakielekea Kilimanjaro au Ngorongoro. Likigoma wanakunjua viti, wanachemsha kahawa, wanasoma kitabu. Watu wanawaonea wivu bure. Gari la familia linalopanda Uchagani Desemba lina godoro kwenye keria, masufuria ya kupikia wageni, jiko la mkaa, gunia la mchele, ndoo za rangi za kubebea maji, sare za harusi ya tarehe 28, keki ya kipaimara na shangazi mmoja mwenye kitabu cha nyimbo. Pungufu ni choo tu, nacho kipo pande zote mbili za barabara.

Tazama vilevile adabu yake ya kuchagua mahali. Gari la namna hii haligomi Ubungo mbele ya gereji. Linavumilia foleni ya Kibaha, linapita Chalinze, linavuka Wami, linaachana na machungwa ya Segera, linayapita mashamba ya mkonge ya Korogwe kwa sauti nzuri kabisa. Mombo, mahali pa kula, penye mafundi, penye kivuli, linawaka kwa nusu ufunguo. Linasubiri milima ya Upare ijipange upande wa kulia, kushoto kubaki nyika na mikwaju miwili mitatu, jua liwe utosini na simu zianze kutafuta mtandao. Hapo, kati ya Hedaru na Same, sindano ya joto inapanda mpaka kwenye wekundu, mvuke unatoka chini ya boneti, na baba mwenye gari anasema neno ambalo kila abiria alishalijua: "Limechemsha."

Wenye elimu wataleta fizikia. Mzigo umezidi, kiyoyozi kimewashwa tangu Mbezi, mkanda wa feni umechakaa, na rejeta imejaa kutu kwa sababu miaka yote imekunywa maji ya bomba. Kisha kuna themostati. Hiki ni kidude kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wetu wengi wameshakihukumu kwamba ni cha nchi za baridi. Wakikikuta wanakitoa, wanakurushia mkononi kama jino bovu. Injini isiyo nacho huchelewa kupata joto lake na hunywa mafuta zaidi, lakini fundi hatasafiri nanyi. Nimewahi kusikia mjadala wa themostati ukiendeshwa kando ya barabara na watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari, na ulikuwa na hoja nzito kuliko mijadala mingi ya kwenye televisheni.

Sasa fadhila za mtumishi wetu. Ninayoiheshimu zaidi ni kwamba huwalazimisha wasafiri kusema kweli. Inajulikana kwamba Mtanzania safarini hutanguliza mdomo, gari likafuata. Akiwa Mbezi anamwambia mama mkwe kwamba wanaikaribia Chalinze. Akiwa Chalinze ameshaiona Korogwe. Bibi kule Marangu anahesabu vituo, anaweka ndizi motoni, anazitoa, anaziweka tena. Gari likigoma mchezo umekwisha, maana shemeji anayekuja na mnyororo wa kuvutia hawezi kuelekezwa kwa uongo.

"Mko wapi hasa, shemeji?"

"Hedaru. Mbele kidogo ya Hedaru."

"Hedaru? Si saa nne ulisema Same mmeshaiacha?"

Kimya. Feni inazunguka yenyewe, maji yanachuruzika kwenye lami.

Fadhila nyingine inahusu heshima. Kupanda nyumbani Desemba ni sawa na kwenda kukaguliwa mahesabu: mwaka mzima ulikuwa mjini, sasa ukoo unataka kuona. Ndiyo maana gari huoshwa siku ya kuondoka, na baba huvaa miwani myeusi. Mpaka Chalinze alikuwa mkurugenzi. Hapa kinachoonekana ni soli za viatu vyake, kwa kuwa sehemu iliyobaki iko chini ya gari. Kabla ya kuingia huko alifungua boneti. Mwanamume wa Kitanzania lazima afungue boneti, hata kama kitu pekee anachokitambua humo ni betri. Anatazama. Anagusa waya mmoja, anaupapasa, anaurudisha. Anamwomba mwanawe alete kitambaa, na mtoto, ambaye mpaka leo asubuhi aliamini baba anajua kila kitu, anakileta kitambaa huku akimwangalia usoni.

Mama naye anapewa nafasi ya kuonyesha subira yake. Ile sauti ya "kwi-kwi-kwi" aliisikia tangu Novemba na akaisema. Leo anaisema tena mara moja tu, kwa upole wa kutisha: "Baba Neema, si niliuliza?" Kisha anageuka kugawa maandazi. Shangazi anaanzisha wimbo. Wanaume wanauitikia vizuri kuliko walivyowahi kuitikia kanisani.

Cheo nacho kinagawanywa upya. Mtu mkubwa sasa ni utingo wa lori la mizigo aliyesimama kwa hiari yake, kijana mwenye kandambili na spana moja. Yeye anajua kwamba mfuniko wa rejeta haufunguliwi wakati injini inatokota: maji yaliyobanwa humo yamepita joto la kuchemka la kawaida, na ukiyafungulia yanaruka yakakuunguza uso. Anaweka kitambaa, anasubiri, anapiga stori za Tunduma. Baba, ambaye mjini ni meneja wa benki, anashika chupa ya maji kama alivyoelekezwa. "Mimina pole pole, mzee. Pole pole. Basi!" Ni lini tena meneja wa benki ataambiwa "basi" na mtu asiye na tai, akaacha?

Na hapa ni Upareni, jambo linaloongeza utamu. Wapare na Wachaga ni watani, na mtani aliyekwama mlangoni kwako ni riziki ya mdomo. Wanakuja wazee wawili na vijana kadhaa. "Leo hela za Kariakoo zimeshuka zenyewe," anasema mmoja. Kutoka chini ya gari sauti inajibu kwamba Mpare akae mbali, atauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. "Sawa," mzee anasema, akilizunguka gari na kulitazama matairi, "sisi tunauza ng'ombe. Ninyi mliuza nini mkanunua hili?" Watoto wanacheka mpaka baba anatoka chini. Baadaye mzee yuleyule ndiye anayeleta maji, dumu mbili, kutoka mbali.

Fundi kutoka Same akifika, anasema, "Kazi ndogo hii, bosi. Nusu saa." Naiheshimu hiyo nusu saa, imeshikilia ndoa nyingi. Mkanda wa kwanza unaoletwa na bodaboda ni mfupi. Wa pili ni wa gari la aina nyingine. Wa tatu, wa mtumba kutoka Dubai, unaingia kwa kupigwa. Ndipo inagundulika kwamba gasketi nayo imeungua, kwa hiyo mnavutwa kwa mnyororo hadi gereji, baba akishika usukani wa gari lisilo na uhai, macho kwenye bampa la shemeji.

Fedha zinatoka. Hapa ndipo wengi humlaani huyu mtumishi wangu, na ndipo mimi naona ubingwa wake. Fikiria kilichokuwa kinawangoja mlimani: mchango wa paa la usharika, ada ya mtoto wa binamu, kujengea kaburi la babu, mbege ya wazee, nauli ya kurudi ya watu ambao hamkuwaleta. Noti zilizofungashwa kwa ajili hiyo zote zimebaki Same, kwa fundi. Mnafika usiku mkubwa wa Krismasi, mbuzi keshachinjwa na wengine, kisusio kimeshanyweka, kuni zimeshapasuliwa. Shati lina grisi mpaka kwenye kola. Mbele ya shati lile hakuna mjomba anayethubutu kukohoa kikohozi cha kuomba. "Pole, mwanangu," wanasema wote. "Kaeni mle."

Treni haiwezi kukupa kinga hiyo. Ilipoanza tena kupeleka abiria Moshi, Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutokuwapo, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini anayeshuka stesheni akiwa msafi na amelala usingizi hana pa kujificha.

Lipo moja siwezi kulisifu hata kwa mzaha. Sheria inataka gari lililokwama liwekewe ile pembetatu ya kuakisi mwanga. Kila gari linayo, ipo chini ya godoro, chini ya gunia, chini ya keki. Kwa hiyo tunakata matawi tukayatandaza barabarani, na magurudumu tunayazuia kwa mawe. Gari likipona tunaondoka kwa furaha, mawe yanabaki pale pale kwenye lami. Anayekuja usiku ndiye atakayeyagundua. Na lori lililolala gizani bila taa limeua watu wengi katika barabara zetu, watu waliokuwa wanakwenda kusalimia kama sisi. Mawe yaondolewe. Sina utani hapo.

Turudi mlimani, kwenye kikao cha ukoo, siku inayofuata Krismasi. Mwenyekiti anasoma majina na michango. Likifika la mwenye gari, anasimama kwa unyonge uliopimwa vizuri na kutoa karatasi ya fundi, yenye alama ya dole la oili. Karatasi inapita mkono kwa mkono, wazee wanasikitika, mmoja anatikisa kichwa kwa jinsi gasketi zilivyopanda bei. Inafika kwa mhazini, shangazi mstaafu wa ualimu, ambaye anavaa miwani na kuisoma mpaka chini.

"Mkanda. Gasketi. Bodaboda mara tatu. Soda ya fundi." Anainua macho. "Soda ya fundi ni kreti nzima?"

"Walikuwa wengi, shangazi. Na wale watani…"

"Aliyewanunulia Wapare kreti ya soda hajafilisika." Anachovya kalamu mdomoni, anageuza ukurasa. "Mwandikeni. Atalipa Pasaka. Na Pasaka aje na basi."