Pembetatu Kwanza, Jiji Baadaye

Umeamua kujifunza kuandika programu za michoro inayochorwa papo kwa papo, kama ile ya kwenye magemu. Hongera. Watangazie ndugu na jamaa kwamba unatengeneza gemu la jiji zima, lenye mvua na daladala, kisha jifungie chumbani uchore pembetatu moja.

Tumia kiolesura cha michoro kiitwacho Vulkan. Kile cha OpenGL cha mwaka 1992 kingekuvusha kwa mistari michache, lakini utajisifia nini? Vulkan, iliyotoka 2016, itakudai msimbo wa mistari ipatayo elfu moja kabla pembetatu haijachomoza. Mtu akichungulia na kuuliza, "Ndiyo hiyo tu?", mwambie ina rangi tatu.

Kwanza, hata hivyo, utaonana na skrini nyeusi. Mtazoeana. Huenda kamera imegeukia upande wa pili. Huenda umezitaja ncha za pembetatu kwa kufuata mzunguko wa saa ilhali kadi ya michoro ilitarajia kinyume chake. Inaamini imeoneshwa mgongo, na migongo haiichori. Au umezidisha matriki kwa mpangilio usio wake: kuzungusha kisha kusogeza si sawa na kusogeza kisha kuzungusha, na pembetatu yako sasa inajizungukia mbali nje ya skrini, raha mustarehe. Kompyuta haitalalamika. Imefanya ulichoagiza.

Paka usuli rangi ya waridi. Ukiona waridi tupu, angalau dirisha li hai. Kisha fuata utaratibu wa mafundi: geuza alama ya kutoa iwe ya kujumlisha, jaribu, rudisha, jaribu tena. Ikikubali, usiiguse, na wala usiulize kwa nini.

Ukihitimu, chora birika la kidijitali la Martin Newell wa Chuo Kikuu cha Utah, la mwaka 1975. La awali halikuwa na kitako, na hakuna aliyelidai chai. Ila lizungushe, ukilichora upya mara 60 kwa sekunde: kila fremu ina milisekunde 16 na ushei, na skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili zinazongoja rangi. Ikikwama, laumu kadi.

Kuhusu mizunguko yenyewe, utaambiwa utumie namba ziitwazo kwaternioni. Mwanahisabati Hamilton alipozigundua mwaka 1843 alifurahi hadi akachonga fomula kwenye jiwe la daraja mjini Dublin. Wewe inakili tu. Akitokea wa kukuhoji, kohoa kidogo, utaje Dublin.